Minunu wa Asubuhi ya Baridi

Mara ya kwanza Bulonza alipokwenda kwa wale watu wa wadudu, alikwenda na ndoo. Hakuna aliyemwambia abebe ndoo. Aliona kwa macho yake mwenyewe, akitoka kazini jioni: shuka jeupe limetundikwa kati ya miti miwili kwenye bustani ya umma, taa kali inalimulika, na Wazungu wazima na akili zao wamelizunguka, wameinamisha shingo, wanangoja. Mtu aliyezaliwa kule milimani Walungu hahitaji maelezo zaidi ya hapo. Kwao, msimu wa minunu ukifika, watu huwasha taa na kuegemeza mabati mapya, na wale panzi wa kijani wenye vichwa vilivyochongoka hushuka kwa makundi, wakagonga bati na kuteleza hadi kwenye pipa. Wahaya huwaita senene. Basi Bulonza alikwenda mbio nyumbani, akachukua ndoo ya mkewe Nsimire ya kupigia deki, akaisuuza, akarudi mbio vilevile asije akakosa.

Panzi wa kwanza alipotua kwenye shuka, mrefu, wa kijani, kichwa kimechongoka kama wa kwao, Bulonza hakungoja ruhusa ya mtu. Alimnasa, akamng'oa mabawa na miguu kwa ule ufundi ambao vidole havisahau, akamtupa ndooni. Akamfuatia wa pili. Alipoinua macho, watu wote walikuwa wanamtazama yeye, si shuka. Mama mmoja mwenye kamera alikuwa amejiziba mdomo. Aliyecheka alikuwa mmoja tu, dada wa Kinyamulenge anayeitwa Gaju, ambaye kazi yake ni kulea wazee kwenye nyumba moja ya wazee hapo Louisville. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi.

"Papa, hawa batu hawazikule," Gaju alimwambia, machozi yakimtoka. "Banaziangalia tu, banapiga picha, njo banaziachilia."

"Banaziachilia?" Bulonza akashangaa. "Donc banazitafuta ya nini?"

Swali hilo hajajibiwa mpaka leo, na mimi sina jibu la kumpa. Lakini kiongozi wa kundi, Harlan, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyewahi kuwa tarishi wa posta, hakukasirika. Alisogea na kumwuliza, kupitia kwa Gaju, wanaliwaje na wana ladha gani. Bulonza alieleza kwa mikono na kwa mdomo, akaeleza kitunguu na chumvi, akaeleza jinsi mafuta yanavyojitoa yenyewe kwenye sufuria. Wale watu walimsikiliza mpaka mwisho. Tangu aingie Amerika ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza jambo analolijua. Kule kwenye ghala anakopanga maboksi huulizwa tu kama amemaliza. Jambo hilo lilimgusa sana, na tangu jioni ile akawa mtu wao.

Harlan alimpa sharti moja tu, tena kwa upole: pale bustanini hatuchukui. Bulonza alikubali, akairudisha ndoo ya watu.

Basi kila mwaka, majani yanapoanza kubadilika rangi, hutoka nao Jumamosi. Wanatafuta vipepeo kwenye maua ya mwisho, nondo chini ya magome, buibui wanene waliotanda nyuzi kati ya mabua. Harlan husema majina na Gaju humtafsiria, ingawa Gaju mwenyewe ni mtoto wa watu wa ng'ombe na hawezi kumshika panzi bila kukunja pua. "Sisi kwetu tunakunywa maziwa," humwambia Bulonza, "nyinyi Bashi munakula mboga ya kuruka." Bulonza hupenda utani huo juu ya kabila lake. Na kwa kuwa Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu, habari za kundi Gaju humtumia kwa sauti kwenye simu. Bulonza hazisikilizi zikifika. Huzilimbikiza wiki nzima, Jumamosi akishapumzika akazisikiliza zote pamoja, kiti kimeegemezwa ukutani na chai iko pembeni. Hiyo ndiyo raha yake.

Sasa mwaka huu alikuwa na jambo jingine moyoni, nalo ni mama yake.

M'Bahizire, kwa maana ya binti wa Bahizire, aliletwa Amerika amechelewa, amekula chumvi nyingi, watoto wake watatu wakiwa wameshatawanyika. Alifikia kwa binti yake Alliance kule Lackawanna, karibu na Buffalo, penye ziwa na viwanda vya chuma vilivyokufa. Baridi ya huko ikamshinda. Akapelekwa kwa Aganze, kitinda mimba, anayekaa Reynoldsburg upande wa mashariki wa Columbus. Huko nako akawa anashinda peke yake kwenye nyumba ya kupanga, watu wote wako kazini. Mwisho akaletwa Louisville kwa Bulonza, mtoto wa kwanza. Kila mji ulimla kidogo. Alipoteremka garini mlangoni kwa Bulonza, kitenge alichokuwa anajifunga mara moja na nusu kilimzunguka mara mbili, na bado kikawa kinateleza.

Hakuwa na ugonjwa wenye jina. Alikuwa hali chakula. Nsimire alipika bugali, akapika sombe, kisamvu cha kwao, yenye mawese, akapika samaki wadogo wa kutoka duka la Waafrika. Mama alionja, akaweka kijiko chini, akasema chakula cha hapa hakina harufu. Daktari alimpima uzito, akampima tena, akamwambia Bulonza wazi: akirudi kliniki Jumatano ijayo amepungua tena, nyumbani hapamfai, atatafutiwa nafasi kwenye nyumba ya wazee, alishwe kwa mpira ikibidi. Alliance na Aganze, kwenye simu, wakaona daktari ana haki.

"Yaya, tusijidanganye," Alliance alisema, akimwita kama kaka mkubwa anavyoitwa kwao. "Kule beko na banganga ya kizungu. Sisi tuko ku kazi."

"Mama hataingia mule," Bulonza akasema. "Mule batu wanakufa bakiangalia ukuta. Mama atakula hapa, mu nyumba yangu, ku mukono yangu."

Alisema hivyo na wote wakamsikia, naye si mtu wa kurudi nyuma.

Majira yale yenyewe hayakuwa mazuri. Vipepeo wakubwa wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeusi, huenda kusini kila mwaka kabla ya theluji, na Bulonza alikuwa na njia yake ya kuwafuatilia: dada na mdogo wake. Alliance alimtumia video kutoka ukingo wa ziwa, vipepeo wamejaa kwenye maua ya zambarau mpaka maua hayaonekani. Siku kadhaa baadaye Aganze akatuma ya kwake, wachache, kwenye ua wa kanisa lao. Bulonza akawangoja Louisville. Walikuwa wakija kwa njia ileile aliyoijia mama yake, naye aliona hivyo, ingawa hakumwambia mtu. Wakafika mmoja mmoja, mabawa yamechanika. Harlan alisimama na darubini yake akitikisa kichwa, akasema kila mwaka wanapungua.

Halafu Aganze akatuma video ya kiwavi mwenye manyoya anavuka lami mbele ya mlango wake. Waamerika wana imani yao juu ya kiwavi huyo: akiwa na mkanda mpana wa rangi ya kahawia katikati, baridi itakuwa nyepesi, akiwa mweusi, jiandaeni. Huyu alikuwa mweusi mwili mzima. Gaju alisema Harlan anayacheka mambo hayo. Bulonza naye akacheka, akampelekea mama yake simu ili acheke pia. M'Bahizire alimtazama yule kiwavi mpaka akamaliza kuvuka, kisha akaisukuma simu kwa nyuma ya mkono.

"Toa hiyo kitu," alisema.

Ilikuwa Alhamisi jioni, dirisha liko wazi kidogo, Bulonza amekaa na mama yake, ndipo sauti ilipoanza nje. Mvumo mrefu usiokatika, kutoka kwenye nyasi za ukingo wa maegesho. M'Bahizire aligeuza kichwa. Macho yake, ambayo kwa wiki nyingi yalikuwa yanatazama bila kuona, yakatulia dirishani.

"Bulonza. Ile si minunu?"

"Ni ndugu yake, Mama. Ya huku."

"Inakuliwa?"

"Inakuliwa. Mimi nilishaionja, iko sawasawa na yetu."

Mama akameza mate, na Bulonza aliona koo lake likipanda na kushuka.

"Uniletee," alisema. "Nitakula."

Nawaambia, mwanamume yule alitoka nje akasimama kwenye ngazi akalia kama mtoto. Halafu akajifuta, akaanza kupiga hesabu zake.

Bustanini hapachukuliwi, neno la Harlan ni neno. Pale maegesho walikuwa wawili watatu, hawatoshi hata kujaza kiganja. Lakini nyuma ya ghala anakofanya kazi kulikuwa na uwanja mpana wa nyasi na maua marefu ya njano. Mwenye ardhi alikuwa amewaruhusu watu wa Harlan waingie kuhesabu wadudu mpaka siku atakapojenga. Harlan alichomeka humo vibendera vidogo vya rangi ya machungwa, kila penye kitu anachotaka kukirudia. Wiki iliyopita Bulonza alipita humo na kundi, minunu wakaruka mbele ya miguu yao kila hatua. Na humo hakuna aliyewahi kusema hatuchukui.

Jumamosi alfajiri aliamka kabla ya Nsimire. Baridi ya kwanza ya majira ilikuwa imeshuka, vioo vya magari vimefanya ukungu, na Bulonza akafurahi, maana alijua baridi inafanya nini. Walungu, alipokuwa mdogo, mama yake alikuwa akimtoa kitandani asubuhi za namna hiyo. Taa na mabati ni mambo ya mjini na ya watu wenye umeme. Watu wa mlimani walivuna kwa baridi. Minunu akipigwa na umande wa usiku huwa mzito, hawezi kuruka, unamchuma kwenye nyasi kama unavyochuma mboga, mradi uwahi kabla ya jua. M'Bahizire alikuwa akitangulia, gauni limelowa mpaka magotini, mtoto nyuma na kikapu. Na alikuwa na neno lake alilolirudia kila asubuhi mpaka mtoto akalichoka: "Yenye inashika nyasi, ukule. Yenye inajiachia, uiache fasi yake, palepale."

Jua lilikuwa halijatoka Bulonza alipoegesha gari nyuma ya ghala. Simu aliiacha kwenye kiti, inaonyesha kuna habari za Gaju za jana jioni. Atazisikiliza na chai, kama kawaida.

Kitu cha kwanza alichokiona ni vibendera. Vilikuwa vimeongezeka, vimezunguka uwanja wote, safari hii vya njano. Harlan amepata kazi nyingi wiki hii, alijisemea, akaviruka. Pia palikuwa na harufu, si kali, kama ya chupa ya dawa iliyosahauliwa wazi. Bulonza alitazama malori yaliyojipanga upande wa pili, akayatupia lawama, akainama kwenye nyasi.

Minunu walikuwepo. Walikuwepo kuliko alivyoomba! Walikuwa wamening'inia kwenye mabua, wengine wako chini wamelala ubavu, miguu inasogea polepole. Hakuna aliyeruka. Aliwachuma kwa mikono miwili, na kila alipogusa, waliingia kiganjani wenyewe, kama maharage makavu yanavyodondoka ganda likipasuka. Alicheka peke yake. Alijiona yuko mlimani. Aliwashukuru Mungu na baridi kwa pamoja, akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na ndipo alipotambua kwamba anaimba peke yake. Uwanja ule, ambao wiki iliyopita ulikuwa unavuma mpaka watu wanapaza sauti ili wasikizane, haukuwa na sauti hata moja.

Baridi, alisema moyoni.

Nyuki wanene walikuwa wamekaa kwenye maua ya njano, na alipolitikisa ua mmoja wao akaanguka. Baridi. Buibui alikuwa ananing'inia chini ya utando wake kwa uzi mmoja, miguu imekunjwa. Kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa, huenda ndiye aliyetoka kule ziwani kwa Alliance, alikuwa ardhini anafungua na kufunga mabawa, anafungua na kufunga, bila kwenda popote. Bulonza alimchukua akamweka juu ya ua ili jua likitoka limpate. Akaanguka tena. Bulonza akasimama, akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Lakini ndoo ilikuwa imejaa, na mama yake alikuwa ameshaamka kwa saa hizi, anangoja. Akafunga ndoo kwa kitambaa, akaondoka.

Nsimire alikuwa kwenye mfungo wa kanisa siku hiyo, akawa anasaidia kung'oa mabawa bila kuonja. Aliona vidole vya mumewe vinatetemeka.

"Papa Grâce, unasikia baridi?" alimwuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Ni furaha," Bulonza alisema.

Nsimire akavuta beseni la maji. "Niioshe?"

"Minunu haioshwi!" Sauti ilitoka chumbani, ya M'Bahizire, yenye nguvu ambayo nyumba ile haijapata kuisikia. "Ukiosha unapoteza mafuta yake. Ni nani alikufundisha kupika?"

Nsimire akalisukuma beseni pembeni, anacheka. Akawakaanga bila kuwaosha, kwa mafuta yao wenyewe, kitunguu na chumvi, na harufu ikajaa nyumba mpaka nje kwenye ngazi. M'Bahizire alitoka chumbani kwa miguu yake. Alikaa mezani. Nsimire akaegemeza simu yake kwenye chupa ya chai, akawapigia Lackawanna na Reynoldsburg, sura mbili zikatokea, Alliance amevaa bado sare ya kazi, Aganze ana usingizi machoni.

Mama akala. Wa kwanza alimtafuna polepole, amefumba macho. Wa pili hakufumba. Kisha akaomba bugali. Mwanamke ambaye alikuwa anaweka kijiko chini baada ya kuonja aliomba bugali kwa mdomo wake, akakata tonge, akabonyeza kwa dole gumba, akachota minunu, akala. Alliance kule alianza kulia. Aganze alisema, "Mama, unatubakishia?" Na mama akajibu, mdomo umejaa, "Ukuje uchukue," wote wakacheka. Bulonza alisimama nyuma ya kiti chake hana hata mmoja mdomoni. Wote aliwaacha kwa ajili yake. Alijiona amemshinda daktari, ameshinda Jumatano na nyumba ya wazee pamoja.

Akaenda jikoni kuongeza chumvi. Simu yake ilikuwa pale kwenye chaji. Habari za Gaju zilikuwa nyingi, moja juu ya nyingine, na ya mwisho ilikuwa imeingia muda uleule. Akasema aisikilize moja tu, amwambie na yeye habari njema.

"Papa Grâce, ni Gaju tena. Juu ya nini haujibu? Harlan anasema mutu asiingie mu ile fasi ya nyasi nyuma ya depo yako. Mwenye udongo alituma batu, bakapuliza dawa, dawa ya nguvu. Zile bendera za njano si zetu, ni zao, maana yake usiingie. Harlan alipita jana: nyuki, vipepeo, minunu, byote biko chini, biko binatetemeka. Usiguse kitu, Papa. Unijibu, tafazali."

Bulonza hakukumbuka baadaye jinsi alivyotoka jikoni. Anakumbuka sahani tu. Mama yake alikuwa ameiinamia, mkono uko njiani kwenda mdomoni, na yeye akaishika sahani kwa ukingo akaivuta. M'Bahizire naye akaishika. Vidole vile vilivyobaki mifupa vilikuwa na nguvu ajabu. Walivutana, mama na mwana, juu ya meza, mbele ya watoto wengine wawili.

"Yaya, uko unafanya nini?" Alliance alipiga kelele kwenye simu. "Umurudishie!"

"Mama, achilia. Tema. Tema yenye iko mu kinywa, nakuomba."

"Bulonza." Mama yake alimtazama usoni. Hakuwa na hasira bado, alikuwa anashangaa. "Juu ya nini unaninyima?"

Akaipokonya sahani. Minunu wakamwagika sakafuni. Kisha akamshika mama yake taya, akamtia kidole mdomoni kama afanyavyo mtu kwa mtoto mchanga aliyeokota kitu, akamtoa kile alichokuwa anatafuna, na mama akamng'ata.

Walikuwa bado njiani kwenda hospitali jasho lilipoanza kumtoka M'Bahizire. Mate yakamjaa mdomoni, yakawa yanamshuka kidevuni, Nsimire anayafuta kwa kitenge. Mboni za macho yake zikawa ndogo kama ncha ya sindano, akasema gari limekuwa na giza. Huko wakamchukua kwa haraka. Daktari aliuliza amekula nini, na mkalimani akapatikana kwa simu, Mtanzania anayeitwa Reginaldi, mwenye Kiswahili kilichonyooka.

"Samahani, baba, sijakusikia vizuri. Umesema panzi?"

"Panzi."

"Panzi hawa wa majanini? Wenye dawa?"

"Wenye dawa," Bulonza akasema, na akasikia Reginaldi kule aliko akivuta pumzi kabla ya kutafsiri.

Hakufa. Walimchoma sindano, wakamwekea mpira puani, na baada ya siku nyingi akili ikamrudia. Lakini alikuja mwanamke wa ustawi wa jamii, mwenye kitambulisho shingoni, mpole kabisa, akataka kujua kama nyumbani kuna chakula. Aliuliza friji ina nini. Aliuliza kwa nini mtu mwenye kazi anamlisha mama yake wadudu wa porini. Bulonza alijaribu kueleza Walungu, akaeleza asubuhi, umande na kikapu. Yote hayo Reginaldi aliyatafsiri kwa uaminifu, na kila yalivyotafsiriwa yakazidi kuwa mabaya. Alliance na Aganze walikubali upesi mama ahamishwe. Alliance hakumwita yaya siku hiyo, alimwita kwa jina. Mama akatolewa hospitalini akaingizwa moja kwa moja nyumba ya wazee, ileile anakofanya kazi Gaju.

Bulonza huenda kila siku akitoka kazini. Chumba kina kitanda, kiti, na dirisha linalotazama nyasi zilizokatwa fupi. Mpira ulishatolewa. Mama anakula kidogo, uji na viazi vilivyopondwa, lakini kwa mkono wa Gaju. Humfungulia Gaju mdomo kama kinda, Munyamulenge yule asiyejua hata kumshika panzi. Bulonza akishika kijiko, midomo ya mama yake hufungwa.

Alasiri moja ya Novemba, miti imebaki vijiti, Bulonza alileta sombe ya Nsimire kwenye kopo. Alichota, akakipuliza kijiko, akakisogeza. Gaju alikuwa anakunja mashuka pembeni. Mama hakufungua mdomo. Lakini safari hii alimtazama mwanawe, kwa muda, kama anamtambua.

"Bulonza, ile minunu uliniletea."

"Ndiyo, Mama."

"Ilikuwa inashika nyasi?"

Gaju aliacha kukunja. Bulonza alirudisha kijiko kwenye kopo. Alikuwa anajua jibu. Vidole vyake ndivyo vilivyolijua tangu asubuhi ile, minunu walipokuwa wanaingia kiganjani wenyewe na yeye anaimba.

"Baridi ilikuwa kali, Mama," alisema.

M'Bahizire akageuza uso, akatazama ukuta. Bulonza akampa Gaju kijiko, akatoka akasimama kwenye korido.